Pikipiki ikianza kulia njiani: namna motari anavyoweza kujua ugonjwa wake kwa sikio

Bukavu, Goma, Butembo, Uvira, Bunia: katika miji hii yote pikipiki ndiyo inayopeleka mama sokoni, mwanafunzi shuleni na mgonjwa hospitalini. Inatoka asubuhi mapema, inarudi usiku, na katikati inapanda mawe, inashuka matope, inabeba watu wawili ao watatu na mzigo juu yao. Hakuna ajabu basi kuona siku moja inaanza kutoa sauti ambayo jana haikuwapo: tik-tik, kro-kro, ao mlio mwembamba kama wa panya. Motari anaisikia. Anaongeza sauti ya redio na kuendelea, kwa sababu versema haingoji.

Wanaoishi na kazi hii wanajua hesabu yake. Motari wengi wanaendesha pikipiki isiyo yao. Kila siku ao kila juma wanapaswa kupeleka versema kwa mwenye chombo, na kinachobaki baada ya esanse ndicho kinachonunua unga na kulipa shule ya watoto. Nusu siku kwenye garaji ni nusu siku bila mteja, lakini versema inabaki ile ile. Tena mara nyingi hakuna mapatano ya wazi kuhusu nani analipa sheni mpya ao mashware ya freni. Mwenye pikipiki anangoja motari anunue, motari anangoja mwenye pikipiki anunue, na chombo kinaendelea kulia.

Sauti hizo hazina uzito mmoja. Kuna zinazoweza kungoja mpaka Jumapili, kuna zinazoweza kungoja mpaka jioni, na kuna ambazo hazifai kungojwa hata mita kumi. Sheni ikikatika pahali pa tambarare, mara nyingi motari anabaki tu kusukuma. Ikikatika kwenye mshuko wa Kadutu, na mama amekaa nyuma na mtoto mgongoni, sheni hiyo inaweza kujikunja kwenye pinyo, gurudumu la nyuma likafunga ghafla, na wote wakaanguka. Kwa hiyo kutambua sauti ni jambo la usalama, hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika kle.

Moteri ao magurudumu?

Mekanisiye mzuri, kabla ya kutoa bulo hata moja, anauliza swali hili kwanza: sauti inafuata moteri, ao inafuata magurudumu? Jibu lake linaondoa nusu ya mashaka, na motari mwenyewe anaweza kulipata bila kifaa chochote.

Tafuta barabara ya tambarare, isiyo na watu wengi. Zima redio. Endesha kilometa 30 ao 40 kwa saa, halafu vuta ambreyaje na uachie gazi. Moteri inashuka mpaka kwenye ralanti, lakini magurudumu yanaendelea kuzunguka kwa mwendo ule ule. Sauti ikishuka pamoja na moteri, ugonjwa uko kwenye moteri ao kwenye kitu kinachotikiswa na moteri, kama eshapema. Sauti ikibaki vile vile, tafuta kwenye magurudumu, freni ao sheni.

Kuna njia ya pili ya kuhakikisha. Endesha mwendo uleule, tuseme kilometa 30 kwa saa, kwanza kwa vitesi ya tatu, kisha kwa vitesi ya nne. Kwenye ya tatu moteri inazunguka haraka zaidi, lakini magurudumu hayajui habari ya vitesi. Mlio ukibadilika mdundo wakati unapobadili vitesi, ni wa moteri. Usipobadilika, ni wa magurudumu.

Kisha simama. Weka vitesi huru na utie gazi taratibu. Sauti ikitoka hata pikipiki ikiwa imesimama, huna haja tena ya kuangalia magurudumu. Vuta ambreyaje, uachie, uvute tena: kama mlio unapotea kila unapovuta na unarudi unapoachia, uko kwenye ambreyaje yenyewe ao kwenye rulema za ndani ya sanduku la vitesi. Ukiwa wa hafifu unaweza kudumu miezi bila madhara. Ukianza kukua juma baada ya juma, usiuache.

Baadhi ya motari huzima moteri kwenye mshuko ili kuokoa esanse. Hapo ndipo wanaposikia pikipiki yao vizuri kuliko wakati wowote: sheni, mashware, rulema, vyote vinasema wazi. Lakini tunashauri wasifanye hivyo wakiwa na mteja. Moteri inayozunguka kwenye vitesi ndogo inasaidia kuzuia pikipiki, na ikizimwa katika vitesi huru, kazi yote inabaki kwa freni. Kwenye mshuko mrefu freni ya tamburi inapata joto na kupoteza nguvu. Anayetaka kusikiliza kwa njia hiyo achague mshuko mfupi, awe peke yake, na mwendo uwe wa mtu anayetembea.

Njia isiyo na hatari ni kupita polepole kando ya ukuta mrefu. Ukuta unarudisha sauti kwenye sikio, na mambo ambayo upepo na kaske vilikuwa vinaficha yanasikika. Jaribu mara mbili, ukuta ukiwa kuume, kisha ukuta ukiwa kushoto, na utajua hata upande.

Sheni, mgonjwa wa kwanza

Tukisema ukweli, pikipiki za taksi zetu, iwe TVS, Boxer ya Bajaj ao Haojue, zinalia kwa sheni kuliko kwa kitu kingine chochote. Sheni inakaa karibu na ardhi. Mjini Goma inakula vumbi la mawe ya volkeno, ambayo yalishuka kutoka Nyiragongo mnamo 1977, 2002 na 2021, na vumbi hilo linasaga chuma kama msasa. Kwenye barabara za udongo mwekundu inakula matope wakati wa mvua, na matope yakikauka yanabaki ndani ya viungo.

Sheni iliyolegea inapiga. Utaisikia ikigonga mfuniko wake ao mkono wa nyuma unaobeba gurudumu, hasa ukiachia gazi ghafla ao ukipita kwenye shimo. Sheni iliyokazwa kupita kiasi haipigi, inalia: ni mlio wa kuvutwa, unaopanda na mwendo. Watu wengi wanaipenda ile iliyokazwa kwa sababu inaonekana nadhifu, lakini ndiyo inayoharibu rulema na kukatika mapema. Gurudumu la nyuma likipanda na kushuka, sheni inahitaji nafasi. Kwa pikipiki nyingi ndogo nafasi hiyo ni sentimita 2 mpaka 3 ukisukuma sheni juu na chini kwa kidole katikati ya pinyo mbili. Pima mara kadhaa huku ukizungusha gurudumu. Kama pahali pamoja imelegea na pahali pengine imekaza, sheni haivutiki sawa tena, na kuikaza ni kujidanganya. Inahitaji kubadilishwa.

Sheni kavu inatoa sauti ya tatu, kama mlango usiotiwa mafuta. Hiyo ndiyo ya bei rahisi: brashi, petroli ya taa ya kusafishia, kitambaa, kisha mafuta. Wengine wanapaka grisi nyingi juu ya matope bila kusafisha, na hapo wanatengeneza dawa ya kusaga chuma wenyewe.

Halafu kuna mlio unaorudi kwa mdundo: tik… tik… tik… Mdundo ndio unaosema ugonjwa. Chukua chaki, piga alama kwenye mpira wa nyuma, kisha sukuma pikipiki polepole huku moteri ikiwa imezimwa. Mlio ukirudi mara moja kila alama inapogusa chini, ni kitu kwenye gurudumu: jiwe lililokwama kwenye mpira, msumari, rayo iliyovunjika, ao jino moja baya kwenye pinyo ya nyuma. Usipolingana na alama, ukaja kila baada ya mizunguko miwili na zaidi ya gurudumu, ni kiungo kimoja cha sheni, kwa sababu sheni ni ndefu na inachukua muda kumaliza safari yake. Kiungo hicho kinaweza kuwa kimeganda. Kinaweza pia kuwa ndicho kiungo cha kufungia, chenye kibanio kidogo cha chuma. Hapa angalia sana. Kibanio hicho kina upande uliofunga na upande ulio wazi. Upande uliofunga unapaswa kuelekea kule sheni inakokwenda. Kikiwekwa kinyume, kinaweza kugusa kitu na kuchomoka, na sheni yote inaachia. Ni sekunde tano tu za kuangalia, na mtu anaweza kuziangalia asubuhi akiwa bado na mswaki mdomoni.

Pinyo ikichakaa, meno yake yanachongoka na kulala upande mmoja. Sheni mpya juu ya pinyo za zamani italia ndani ya siku chache na itakufa haraka. Ndiyo maana mafundi wanasisitiza kubadili vyote vitatu pamoja: sheni, pinyo ndogo na pinyo kubwa. Motari anaona ni ujanja wa kuuza. Mara hii mafundi wana haki.

Na kama kila unapotia gazi na kuachia unasikia «kluk» moja nzito nyuma, lakini sheni iko sawa, fungua gurudumu uangalie kaucho zilizo ndani ya kitovu chake. Kazi yake ni kupokea mshindo kati ya pinyo na gurudumu. Zikiisha, chuma kinagonga chuma, na sheni inapata kipigo kila mara.

Freni na magurudumu

Freni za tamburi, ambazo ziko kwenye pikipiki nyingi za taksi, zina lugha fupi. Mlio mwembamba unapokanyaga, hasa asubuhi ao baada ya kupita kwenye maji, kwa kawaida ni vumbi na unyevu. Ukipotea baada ya kukanyaga mara chache, endelea na kazi. Lakini mlio mzito wa kukwaruza, krrr, ambao unausikia hata kwenye nyayo, ni mashware iliyokwisha: chuma kinakula tamburi. Hapo hakuna kungoja jioni. Pikipiki nyingi zina alama ndogo kwenye mkono wa freni karibu na kitovu cha gurudumu, inayoonyesha kiasi cha mashware kilichobaki. Motari wengi wamekaa miaka mingi wakiipita bila kujua ni ya nini.

Rulema ya gurudumu inanguruma. Mwanzoni ni sauti ya chini ambayo unaweza kudhani ni ya mpira juu ya mawe, lakini inabaki hata ukifika kwenye lami, na inabadilika unapolaza pikipiki kwenye kona. Weka pikipiki kwenye mguu wa katikati, shika gurudumu juu na chini, lisukume na kulivuta kando. Likicheza, ao ukisikia mchanga ukilizungusha, rulema imekufa. Rulema ni ndogo na bei yake si ya kutisha. Ikivunjika wakati wa mwendo, gurudumu linayumba na linaweza kugoma.

Mbele, kuna mshindo mmoja ambao unachanganya watu: «tok» unapokamata freni ya mbele ao unapoingia shimo. Wengi wanashuku amortisere. Jaribu hivi: simama, kamata freni ya mbele kwa nguvu, sukuma gidoni mbele na nyuma huku mtu mwingine ameweka vidole pale shingo ya gidoni inapokutana na chasi. Akisikia inacheza, ni rulema za gidoni zilizolegea. Kwenye barabara kama ya Sake kwenda Minova, ambako mawe hayapumziki, zinalegea mapema. Kuzikaza ni kazi ya dakika chache. Zikiachwa, gidoni inaanza kutetemeka yenyewe kwenye mwendo.

Rayo zinapimwa kwa sikio kama nyuzi za gita. Gonga kila moja na kle ndogo. Iliyokazwa inatoa sauti ya juu na safi, iliyolegea inatoa sauti iliyokufa. Tatu ao nne zilizokufa zikifuatana, gurudumu limeanza kupinda.

Moteri: zinazotisha bure na zinazonyamaza

Kwenye moteri ndipo hofu inakuwa kubwa, na ndipo pesa nyingi zinapotea kwa kufungua kisichohitaji kufunguliwa.

Tik-tik nyepesi kutoka juu ya moteri, inayoenda haraka kadiri unavyotia gazi, kwa kawaida ni supape. Kati ya supape na mkono unaoisukuma kuna nafasi ndogo sana, inayokaribia unene wa unywele. Nafasi hiyo ikiongezeka, tik-tik inaongezeka. Inarekebishwa moteri ikiwa baridi, na kipimo kimeandikwa katika kitabu cha pikipiki. Si ugonjwa wa kusimamisha kazi katikati ya siku.

Watu wengi hawajui kwamba supape iliyokazwa mno hainyamazi kwa sababu ni nzima. Inanyamaza kwa sababu haipati nafasi ya kufunga kabisa. Gesi ya moto inapita kando yake na kuiunguza, nguvu inapungua, pikipiki inashindwa mlima iliokuwa inapanda, na kuiwasha asubuhi kunakuwa shida. Mafundi wa haraka wanakaza supape ili mteja aridhike na ukimya. Mteja anarudi nyumbani na furaha, na miezi kadhaa baadaye analipia supape mpya. Kati ya moteri yenye tik ndogo na moteri iliyo kimya kabisa ghafla baada ya garaji, sisi tungechagua ile yenye tik.

Kuna mlio mwingine unaosikika asubuhi tu, kama kugonga kidogo kwenye silinda, na unapotea moteri ikipata joto. Hiyo ni pistoni iliyochakaa ikicheza ndani ya silinda mpaka ipanuke kwa joto. Inaeleza umri wa moteri. Unaweza kufanya nayo kazi huku unaweka pesa kando. Sauti kama ya mnyororo mdogo ndani ya kopo, inayotoka ubavuni mwa silinda kwenye ralanti, ni sheni ya ndani inayozungusha supape, ao kifaa kinachoikaza. Hiyo ipeleke kwa fundi ndani ya siku chache, maana ikiruka meno, pistoni na supape zinaweza kukutana.

Unapopanda mlima na mzigo, unaweza kusikia kama changarawe zinatikiswa ndani ya chuma, na ukipunguza gazi ao ukishusha vitesi zinanyamaza. Hapo esanse inawaka vibaya ndani ya silinda. Sababu ya kwanza ya kushuku ni esanse yenyewe. Esanse iliyochanganywa na petroli ya taa inaleta jambo hili hasa, na kila anayenunua kwenye chupa za Kadhafi kando ya barabara anajua kwamba hakuna anayempimia kilichomo. Si Kadhafi wote wanaochanganya, na siku ambapo vituo vimefungwa ndio wanaofanya mji utembee. Lakini kama changarawe zilianza baada ya kujaza pahali fulani, badili unakonunua kabla ya kubadili buji. Ukiendelea kwa majuma, pistoni inaweza kutoboka.

Na sasa sauti ambayo ukiisikia unazima pale pale: dok-dok-dok nzito, kutoka chini ya moteri, inayoongezeka ukitia gazi na mzigo. Hiyo ni biyeli. Mara nyingi inakuja baada ya mafuta ya moteri kupungua ao kukaa muda mrefu bila vidanje. Zima, simama kando, ngoja dakika chache, kisha angalia kipimo cha mafuta pikipiki ikiwa wima pahali pa tambarare. Kama mafuta yalikuwa chini na ukaongeza na sauti ikabaki, usiwashe tena. Tafuta mtu akuvute ao upakie pikipiki kwenye gari. Biyeli ikivunjika inaweza kutoboa moteri kutoka ndani, na hapo unahesabu moteri nzima.

Moteri nyingi za 100 mpaka 150 zinabeba karibu litre moja tu ya mafuta, na litre hiyo inapaka mafuta moteri, sanduku la vitesi na ambreyaje, vyote kwa pamoja. Ikipungua robo, ni robo ya kila kitu. Tena mafuta ya gari si lazima yafae: mengine yana dawa zinazofanya ambreyaje iteleze. Kwenye kopo la mafuta ya pikipiki tafuta herufi JASO MA. Kuna pia wale wanaotia mafuta mazito kuliko yanayotakiwa ili kufunika sauti ya moteri iliyochoka. Sauti inafunikwa kweli, kwa muda.

Jambo hilo linahusu kila mnunuzi wa pikipiki iliyotumika. Ukifika kwa muuzaji na kukuta moteri tayari ina joto, sema utarudi kesho asubuhi, na umwombe asiiwashe kabla hujafika. Moteri baridi haijui kudanganya. Kama anakataa, umepata jibu kuhusu pikipiki hiyo.

Sauti zisizo ugonjwa

Kabla ya kwenda garaji, shika kwa mkono kila kitu kinachoweza kutikisika: gardabu, plaki ya namba, mfuniko wa sheni, kibebeo cha mizigo, kioo, vyuma vya kulinda miguu, mwavuli kwa wale wanaouweka. Sehemu kubwa ya kelele za pikipiki ni ekru moja iliyolegea. Bidoni tupu iliyofungwa nyuma inaweza kuiga sauti ya rulema vizuri kabisa. Eshapema ikilegea pale inapoingia kwenye silinda, inatoa pu-pu-pu kali na wakati mwingine milipuko ukiachia gazi, na mtu anadhani karbirateri imeharibika, kumbe ni jwe, ile pete ya kuziba, iliyokwisha. Usishike eshapema kwa mkono wakati ina joto. Tunasema hivyo kwa sababu kuna wanaoshika.

Sauti moja ambayo haitoki kwenye pikipiki ni ya kitambaa: flap-flap-flap karibu na gurudumu la nyuma. Ni kikwembe cha mama, ao kitambaa alichombebea mtoto, kimeanza kugusa rayo ao sheni. Simama mara moja, bila kukamata freni kwa ghafla. Kitambaa kikishikwa na gurudumu kinamvuta mtu chini kwa nguvu ambayo hakuna mkono unaoweza kuizuia. Motari mwenye adabu ya kazi anamwambia mama, kabla ya kuondoka, akusanye kikwembe chake na kukikalia, na anangoja mpaka amemaliza.

Abiria naye ana masikio, na mara nyingi anasikia vizuri kuliko motari, kwa sababu yuko juu ya gurudumu la nyuma na hana kaske iliyojaa upepo, ingawa alipaswa kuvaa. Akisema «papa, kuna kitu kinagonga huku nyuma», asijibiwe kwamba ni barabara. Amuulizwe inagonga wapi, na kama inagonga hata pahali pasipo mashimo. Naye mteja anayesikia krrr kila freni inapokamatwa ana haki ya kushuka na kulipa nusu ya safari.

Kuna barabara katika majimbo yetu ambako kusimama jioni kusikiliza moteri si jambo la busara, na kila motari anazijua za kwake. Kwa safari za namna hiyo, jaribio la ambreyaje na la chaki linafanywa kabla ya kutoka, mchana, wakati bado kuna fundi karibu na bado kuna mtu wa kushikilia gurudumu.

Ukifika kwa mekanisiye, usimwambie «moteri inalia» tu. Mwambie inalia lini: baridi ao moto, kwenye kupanda ao kushuka, ukitia gazi ao ukiachia, ukikamata freni ao kwenye kona, na kama inabaki ukivuta ambreyaje. Mwambie pia ni lini mara ya mwisho ulifanya vidanje, hata kama jibu linakutia haya. Kisha mpe pikipiki aiendeshe mwenyewe mita mia tatu. Fundi anayejua atachukua turnevisi ndefu, ataweka ncha yake juu ya moteri na mshikio wake kwenye sikio, na atahamisha ncha hiyo kutoka silinda mpaka chini, pole pole, kama daktari juu ya kifua cha mtoto. Yule anayeanza kufungua bulo kabla hujamaliza kueleza, mwombe kle yake, umrudishie mkononi, na uende garaji ya jirani.